Fallen (riwaya)

Fallen (maana yake "Walioanguka") ni riwaya ya mapenzi na mambo ya ajabu iliyoandikwa kwa ajili ya vijana na Lauren Kate, mwandishi kutoka nchini Marekani. Ilichapishwa mwaka 2009 na Delacorte Press. Ni ya kwanza katika mfululizo unaoendelea na Torment (2010), Passion (2011) na Rapture (2012). Inapatikana pia kama kitabu cha sauti.

Riwaya hii ni ya utanzu ambao umependwa sana na vijana tangu mwanzo wa karne ya 21: kijana anahamia shule ya bweni, anapenda, kisha anagundua kwamba baadhi ya wanafunzi wenzake si binadamu. Hapa wenzake ni malaika walioanguka, na baadhi yao wamejiunga na upande wa Shetani.

Muhtasari

Hadithi inaanza kwa sura fupi inayotokea Helston, Uingereza, mwaka 1854, kisha inahamia Marekani ya leo. Luce Price, msichana wa miaka 17, anapelekwa Sword & Cross, shule ya kurekebisha tabia karibu na mji wa Savannah, jimbo la Georgia. Kijana aliyekuwa naye amekufa katika moto, na watu wanamshuku Luce. Tangu utotoni yeye huona vivuli ambavyo wengine hawavioni.

Shuleni anavutiwa na Daniel Grigori, ambaye anamwonyesha dharau, huku Cam Briel akimbembeleza. Baadaye ukweli unajulikana: Daniel ni malaika, na amempenda Luce kwa karne nyingi. Kila mara wanapopendana, Luce hufa, kisha huzaliwa upya na kukua bila kukumbuka lolote. Ubaridi wa Daniel ulikuwa njia ya kumkinga.

Safari hii hatari ni kubwa zaidi. Luce hakubatizwa, na kwa kanuni za hadithi hiyo, akifa huenda asizaliwe tena. Hivyo swali linalobeba riwaya ni zito: je, ni haki kumpenda mtu ikiwa upendo wenyewe unaweza kumwangamiza?

Asili ya mada

Jina Grigori halikuteuliwa kwa bahati. Linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "walinzi" au "wakeshaji". Katika Kitabu cha Henoko, Wakeshaji ni malaika 200 walioshuka duniani kwa kuwatamani binti za wanadamu. Kisa hicho kinahusiana na aya chache za Mwanzo 6:1-4, zinazotaja "wana wa Mungu" waliooa wanawake wa duniani.

Kitabu cha Henoko kimehifadhiwa kikamilifu katika lugha ya Ge'ez tu, kwa sababu Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia linakihesabu kuwa sehemu ya Biblia. Vipande vyake vya Kiaramu vilipatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Kwa hiyo mada inayoonekana kuwa ya Kimarekani imetunzwa kwa karne nyingi na Waafrika.

Msomaji atofautishe riwaya na mafundisho ya dini. Katika Kitabu cha Henoko tamaa ya malaika ni uasi unaoleta maangamizi. Katika riwaya mapenzi hayo ndiyo yanayosifiwa. Katika Uislamu mafundisho ya kawaida ni kwamba malaika hawamwasi Mungu, na Kurani (18:50) inamtaja Ibilisi kuwa miongoni mwa majini. Mzunguko wa kufa na kuzaliwa upya nao haumo katika mafundisho ya kawaida ya Ukristo wala ya Uislamu.

Kitabu cha sauti

Toleo la sauti lilitolewa na Listening Library na kusomwa na Justine Eyre. Riwaya imeandikwa katika nafsi ya tatu, lakini kwa sehemu kubwa humfuata Luce kwa karibu. Msomaji mmoja anapoibeba hadithi yote, hali hiyo huongezeka, kwa kuwa hata maneno ya Daniel na Cam hufika kupitia sauti ileile.

Kusikiliza kuna ugumu wake pia. Mwenye kitabu mkononi anaweza kurudi nyuma kutazama mwaka 1854 kwenye kichwa cha sura. Msikilizaji akipitwa na mwaka huo, huenda asitambue kwa nini Luce anahisi amewahi kumwona Daniel. Kwa mwanafunzi wa Kiingereza, kusikiliza huku akifuata maandishi humsaidia kujua matamshi. Kwa asiyeona, kitabu cha sauti ni mlango wa kuingilia hadithi yenyewe.

Filamu

Filamu iliyotokana na riwaya hii ilitoka mwaka 2016, ikiongozwa na Scott Hicks. Addison Timlin aliigiza kama Luce, Jeremy Irvine kama Daniel na Harrison Gilbertson kama Cam. Ingawa kitabu kinaiweka shule huko Georgia, filamu ilipigwa nchini Hungaria.