Bangili za Bi Zohara: Maisha ya Abdul Kalam wa India



Katika nyumba zetu nyingi huku ughaibuni lipo deni lisiloandikwa daftarini: mzazi aliyeuza shamba, dada aliyeacha masomo, mjomba aliyelipa nauli, ili mmoja wetu apate elimu. Mwezi huu tunasimulia habari za mtu aliyelibeba deni la namna hiyo tangu ujana wake mpaka Ikulu ya taifa kubwa.

Abdul Kalam alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1931 huko Rameswaram, mji wa kisiwani kusini mwa India, mashuhuri kwa hekalu kubwa la Wahindu. Baba yake, Mzee Jainulabdeen, alikuwa imamu wa msikiti wa mtaa wao, tena mwenye mashua. Kuhani mkuu wa hekalu lile alikuwa sahibu yake mkubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili treni ilipoacha kusimama mjini hapo, mafurushi ya magazeti yalirushwa chini treni ikiwa mwendoni. Kumsaidia binamu yake kuyadaka ndiko kulikompa Kalam chumo lake la kwanza.

Alipomaliza masomo ya fizikia mwaka 1954, alichaguliwa kusomea uhandisi wa ndege katika Chuo cha Teknolojia cha Madras. Gharama za kuingia chuoni zilifika kiasi cha rupia 1,000, na baba hakuwa nazo. Hapo dada yake, Bi Zohara, akavua bangili na mkufu wake wa dhahabu akaviweka rehani. Kalam aliweka nadhiri ya kuzikomboa bangili zile kwa jasho lake. Njia aliyoiona ilikuwa moja tu: kusoma kwa bidii apate msaada wa masomo.

Msaada akaupata, na siku moja ukataka kumponyoka. Mwalimu wake hakuridhishwa na mchoro wa ndege alioandaa. Kalam akaomba mwezi mmoja, akapewa siku tatu. Zikipita, msaada utakatwa. Alikesha juu ya ubao wa kuchorea, akakimaliza alichoagizwa, na mwalimu akamkumbatia. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini.

Baadaye aliingia katika mpango wa India wa safari za anga za juu, akakabidhiwa uongozi wa ujenzi wa roketi ya kupeleka setilaiti angani. Tarehe 10 Agosti 1979 roketi hiyo ilirushwa kutoka Sriharikota. Kwa masimulizi yake mwenyewe, kompyuta ilikuwa imetoa ishara ya kusimamisha kazi, naye, kwa ushauri wa mafundi, akaamua kuendelea. Baada ya dakika tano na ushei, kazi ya miaka mingi ilikuwa imezama katika Ghuba ya Bengal.

Waandishi wa habari walikuwa wakingoja. Mkuu wa shirika, Profesa Satish Dhawan, hakumsukuma kijana wake mbele. Alikabili maswali yeye mwenyewe, akaichukua lawama yote, akasema vijana wake watafaulu. Tarehe 18 Julai 1980 roketi ilipanda tena, na setilaiti ya Rohini, yenye uzito wa kilo 35, ikafika mahali pake. Siku hiyo Profesa Dhawan alikaa kando, akamwambia Kalam azungumze na waandishi. Kalam aliusimulia mkasa huo mara nyingi maishani, akisema kuwa hapo ndipo alipojifunza maana ya uongozi.

Hatuna haja ya kumpaka rangi. Elimu yake ilijenga pia makombora ya vita, Prithvi na Agni, naye alikuwa miongoni mwa wakuu wa majaribio ya silaha za nyuklia mwaka 1998, jambo ambalo wengi walimlaumu kwalo. Lakini mali ghafi nyepesi ya kombora la Agni ndiyo iliyotengenezewa vishikizo vya miguu vya watoto waliopooza. Vile vya zamani vilikuwa na uzito wa kilo tatu na zaidi. Vipya, gramu 300 tu.

Tarehe 25 Julai 2002 mtoto wa mwenye mashua aliapishwa kuwa Rais wa 11 wa India. Somo la mwaka 1979 lilimrudia huko. Mwezi Mei 2005, akiwa ziarani Moscow, alitia saini amri ya kulivunja Bunge la jimbo la Bihar, na Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikaamua kwamba amri hiyo ilikiuka katiba. Amri ilikuwa imetoka kwa mawaziri, naye angeweza kuwatupia lawama. Badala yake aliandika barua ya kujiuzulu, na hakuacha azma hiyo ila baada ya Waziri Mkuu kumsihi.

Aliondoka madarakani mwaka 2007 akarejea kufundisha. Tarehe 27 Julai 2015 alianguka akihutubia wanafunzi mjini Shillong, akafariki dunia. Alizikwa kwao Rameswaram.

Ndugu zangu, mtu ni watu. Nyuma ya mwanasayansi huyu palikuwa na dada aliyebaki mikono mitupu na mkubwa wa kazi aliyekubali aibu isiyo yake. Tuwaulize watoto wetu usiku wa leo: je, wanazijua bangili zilizowekwa rehani kwa ajili yao?