Picha nzito hufukuza wateja

WAHENGA walinena kwamba kizuri chajiuza. Lakini je, msomaji, kitajiuza vipi ikiwa mnunuzi hakioni?

Tuseme wewe ni seremala katika mtaa wa Dallas, mjini Embu. Umeunda viti vya kupendeza, ukavipiga picha kwa simu na kuziweka katika tovuti yako. Mteja aliye Siakago anafungua ukurasa. Anaona jina la karakana, kisha miraba mitupu. Anangoja. Bando lake linazidi kupungua. Mwishowe anakata tamaa na kumwendea seremala mwingine. Wewe utadhani viti havikumpendeza, kumbe hata hakuviona!

Picha moja ya simu za siku hizi huweza kufikia megabaiti 4. Ukiweka picha 10, hizo ni megabaiti 40. Mtandao ukiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, mteja atangoja karibu dakika 3. Lakini kama kila picha ingekuwa na kilobaiti 150, zote zingefunguka kwa sekunde 6 hivi. Na kumbuka, anayelipia uzito huo si wewe. Ni mteja.

Ufanyeje basi?

Kwanza, punguza upana wa picha. Simu nyingi hupiga picha yenye upana wa pikseli 4,000 hivi, ilhali kioo cha simu nyingi hakizidi pikseli 1,080. Upana wa pikseli 1,200 wakutosha. Usidanganyike kwamba picha ikionekana ndogo kwenye ukurasa basi ni nyepesi. Simu ya mteja huvuta picha nzima kwanza, ndipo iibane.

Pili, chagua aina ifaayo. Kwa picha za kamera tumia JPEG, ambayo hutupa yale ambayo jicho halitambui kwa urahisi. Weka ubora wa 75 kwa 100. Kwa nembo na michoro tumia PNG. Ile ya WebP, iliyoletwa na Google mwaka 2010, aghalabu ni nyepesi zaidi, ingawa simu kuukuu sana huenda zisiifungue.

Kazi hii haina gharama. Programu ya Squoosh, iliyotolewa na Google mwaka 2018, hukuonyesha picha kabla na baada ya kupunguzwa, ukalinganisha mwenyewe. Lakini hifadhi picha ya asili mahali salama, kwani JPEG hupoteza ubora kila inapohifadhiwa upya.

Tatu, bei na nambari yako ya simu ziandike kwa maneno, usizichore ndani ya picha. Maneno hufika upesi hata mtandao ukiwa hafifu.

Nne, mwambie fundi wa tovuti yako apange picha za chini zisivutwe mpaka mteja azikaribie.

Ukimaliza, azima simu ya bei nafuu ambayo haijawahi kufungua tovuti yako. Usitumie mtandao wa ofisini. Tumia bando ulilonunua kwa pesa zako. Fungua ukurasa, uhesabu sekunde.

Ukichoka kungoja, ujue mteja wako alichoka zamani.