Magari Yakipokezana Mzigo

Msimu wa kahawa ukifika tunayaona magari kwenye barabara ya Muleba na Bukoba. Mengine yamejaa, mengine yanarudi tupu. Mafuta ya gari tupu analipa nani? Mwisho wake ni sisi wakulima, maana gharama ya kusafirisha hukatwa kwenye kahawa yetu.

Tuchukue mfano. Pikapu tatu zinatoka vijiji vitatu vya upande wa Kamachumu, kila moja na magunia yake. Tuseme kutoka kijijini mpaka Muhutwe, kwenye barabara kubwa, ni kilometa 15. Muhutwe mpaka Bukoba tuweke 35. Pikapu moja kwenda Bukoba na kurudi ni kilometa 100, zote tatu ni 300. Kama lita moja inakwenda kilometa 10, basi zimekwisha lita 30.

Sasa pikapu ziishie Muhutwe, magunia yahamie kwenye lori moja. Pikapu zitakula lita 9 tu. Lakini tusishangilie bado! Lori likikodiwa Bukoba kufuata mzigo huo, ni kilometa 70 kwenda na kurudi. Kwa kilometa 5 kila lita, litakula lita 14. Jumla ni 23. Lita 7 tulizookoa zinaweza kumezwa na ujira wa wapakiaji.

Faida hasa iko kwa lori lililopeleka saruji Muleba na sasa linarudi tupu. Hilo lingerudi tu, na magunia yetu yataliongezea mafuta kidogo. Tena wakati wa kwenda liache Muhutwe saruji ya Kamachumu, pikapu zipande nayo.

Kupokezana si jambo geni. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kahawa ya Bukoba ikapita huko: melini mpaka Kisumu, halafu treni.

Kazi ngumu ni kupanga. Vijiji 3 unaweza kuvizungukia kwa mpangilio 6. Vijiji 10 vina mipangilio zaidi ya milioni 3! Ndiyo maana makampuni makubwa hutumia kompyuta. Sisi tuanze na simu: pikapu moja ikichelewa, lori na utingo wake wote wanangoja.

Muhutwe pawe na mzani na turubai. Magunia yapimwe mbele ya madereva wote wawili, kilo ziandikwe. La sivyo kilo zikipungua kila mtu atamnyoshea mwenzake kidole. Na kahawa ikinyeshewa itaota ukungu.

Ndizi ni habari nyingine. Mkungu kila ukishushwa unachubuka, na mnunuzi anapunguza bei. Huo tuuache kwenye gari moja mpaka sokoni.