Fundo la uzi wa kusukwa: wakati gani kulikata na kulifunga upya

Wengi wenu muko na shamba mlimani na pirogi ku ziwa: mchana maharagwe, usiku samaki. Safari hii tunaacha jembe kidogo, tuzungumze juu ya fundo linaloshika ndoano. Ni kitu kidogo, lakini kambare mkubwa akikata uzi pale, ndoano imekwenda, na ile minervali ya mtoto uliyokuwa unahesabu kichwani nayo imerudi chini ya maji.

Ekipe za sambaza hatuwasemi hapa, kazi yao ni wavu na taa. Tunasema na wale wanaoloba tilapia na kambare kwa ndoano, iwe moja mkononi, iwe kamba ndefu yenye ndoano nyingi kama ndugu zetu wa Vitshumbi na Kyavinyonge kwenye Ziwa Edward.

Uzi wa kusukwa ni ule wa nyuzi nyembamba nyingi zilizosukwa pamoja sawa nywele. Ziko aina mbili, na muuzaji mara nyingi hakwambii. Ule wa nailo unazama, unakunywa maji, na ukilowa nguvu yake inapungua kidogo. Ule wa polietileni unaelea, haunywi maji, hauvutiki, na unateleza kama umepakwa sabuni. Ukitaka kujua, kata kipande, kisugue ndani ya bakuli la maji mpaka hewa itoke, kisha uangalie kama kinazama ao kinaelea. Unaoteleza ndio unaodai fundo zuri zaidi, kwa sababu fundo la kawaida linafunguka polepole bila wewe kuona.

Wazee wengine wanasema: fundo halijakatika, mbona unalikata? Jibu ni kwamba uzi unakatikia pale kwenye fundo, ao karibu yake. Uzi ulionyooka, nyuzi zote zinabeba mzigo pamoja. Ukipindwa ndani ya fundo, zile za nje zinavutwa sana, zile za ndani zinakaa bure, na kila samaki anapovuta, uzi unajisugua wenyewe. Hata fundo lililofungwa vizuri linapunguza nguvu ya uzi. Likikaa siku nyingi linapunguza tena, na kwa macho linaonekana paka lilelile.

Hapa Goma tuko na shida yetu ya pekee, ni mawe. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipopasuka, lava ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani. Mawe yake ni makali kama chupa iliyovunjika. Na hatuwezi kuyakimbia tukaloba katikati ya ziwa kwa ndoano za chini: Kivu ina kina cha karibu mita 485, lakini samaki wanaishi paka kwenye maji ya juu, kule chini hakuna hewa ya kupumua, ni gazi tu. Kwa hiyo tilapia na kambare tunawatafuta kando, palepale kwenye mawe. Mvuvi wa mchangani anaweza kuvumilia fundo la wiki nzima. Wa Goma hapana.

Basi, ndoano ikinasa kwenye jiwe ukaivuta mpaka ikatoka, kata na ufunge upya palepale, hata kama fundo linaonekana zima. Umekwisha kulivuta kwa nguvu kuliko samaki yeyote. Vilevile baada ya kumtoa samaki mkubwa, juu meno yake na mapigo yake yamekula uzi wa karibu na ndoano. Kama hakuna kilichotokea, kagua kila jioni mbele ya kutoka, kukiwa bado mwanga. Pitisha uzi polepole kati ya kucha na kidole, kutoka kwenye ndoano hadi urefu wa mkono. Ukisikia kunakwaruza, ukiona manyoya madogo yamesimama, ao pamekuwa bapa, ao rangi imefifia karibu na fundo, hapo uzi umekwisha kuanza kukatika. Mkia wa fundo nao unasema: kama jana ulikuwa mrefu na leo ni mfupi, fundo linateleza.

Unapokata, usikate paka fundo. Endelea mpaka pale uzi uko laini tena, hata kama ni shubiri mbili. Uchungu wa kutupa shubiri mbili tunauelewa, lakini kipande kibovu kikibaki, fundo jipya halisaidii kitu.

Fundo tunalolipendekeza ni hili. Kunja uzi uwe mara mbili. Pitisha ile kunjo ndani ya tundu la ndoano. Kwa uzi huo wa mara mbili funga fundo la kawaida, lakini usikaze. Sasa pitisha ndoano nzima ndani ya kunjo. Lowesha kwa maji ao mate, kisha vuta pande zote mbili polepole mpaka likae sawa. Kulowesha si desturi tu: uzi mkavu ukikazwa unapata joto, na polietileni haipendi joto. Acha mkia wa urefu wa ukucha. Wale wenye mazoea ya kuchoma mkia kwa sigara, kwa nailo inafaa ukiwa mwangalifu. Kwa polietileni muache, moto unakimbilia ndani ya fundo.

Kisha lijaribu. Nasisha ndoano kwenye mti wa pirogi, uvute kwa uzito unaoongezeka, bila kurusha mkono. Uzi usiuzungushe kwenye vidole vitupu, unakata nyama. Uzungushe kwenye kijiti.

Kwa kamba ndefu kazi ni nyingi zaidi. Kagua kila ndoano unapoitia chambo, maana hapo iko tayari mkononi. Fundo la uzi mdogo kwenye kamba kubwa lisogeze kidogo kila mwezi ili lisisugue pahali pamoja. Fundo la jiwe la nanga na la bidon ndiyo yakatiwe uzi mpya kwanza: ndoano moja ikikatika umepoteza ndoano moja, ila la nanga likifunguka usiku kamba yote imekwenda, na itaendelea kunasa samaki ambao hakuna mtu atakula.

Kama kamba ni mali ya koperative, komite iweke kaye: tarehe, nani alitoka nayo, nani alifunga upya. Inapunguza makelele kamba inapopotea.

Vipande vilivyokatwa virudi nyumbani ndani ya kopo. Vikiachwa kando ya ziwa vinafunga miguu ya kuku na ya ndege. Vile virefu ambavyo bado ni vizima vinafaa kwa nyuzi ndogo za ndoano.