Michael Armitage: Rangi za Mafuta juu ya Gome la Mti

Katika sebule za jamaa zetu, Maskati hata London, aghlabu utaona taswira ya mmoja wa masultani wa Unguja: jambia kiunoni, uso umetulia. Fani hiyo ya kuchora watu kwa rangi za mafuta juu ya turubai ilitufikia kutoka Ulaya. Michael Armitage amezishika rangi hizo, lakini turubai ameliacha.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1984, baba yake Muingereza, mama yake Mkikuyu. Alisoma London katika chuo cha Slade, kisha Royal Academy Schools, akamaliza 2010. Kitambaa anachokitumia alikikuta sokoni Nairobi, kikiuzwa kwa watalii. Ni lubugo, yaani gome la mti wa mutuba ambalo mafundi wa Buganda hulibandua bila ya kuua mti, wakalipondaponda kwa nyundo za mbao mpaka likatanuka na kulainika. Waganda hukivaa katika sherehe, na ndicho sanda ya maiti wao. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa turathi kuu za binadamu.

Nakiri kuwa nilipojua habari ya sanda nilisita. Je, ni adabu? Lakini itazame kazi yenyewe. Turubai ni sawasawa. Gome lina matundu, makovu na mishono ya aliyeliunga, na Armitage hayafichi. Hupaka rangi, huikwangua, hupaka tena, tabaka juu ya tabaka. Mshono hukata katikati ya umbo la mtu, tundu likabaki wazi karibu na uso. Kitambaa humlazimisha mchoraji kukifuata, na heshima yake naiona hapo.

Na anaowachora si masultani. Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi wa Kenya, alifuatana na watu wa televisheni kwenye mkutano wa upinzani katika Uhuru Park. Kutoka umati ule akatoa mfululizo wa picha zilizoonyeshwa Venice 2019.

Lililonifurahisha zaidi, mimi mtu wa tarehe, ni maonyesho yake ya 2021 katika Royal Academy, London. Pamoja na kazi zake aliwatundikia na waliomtangulia Afrika Mashariki: Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe na wenzao. Wengi wa waliopita pale, nadhani, walikuwa hawajapata kuyasikia majina hayo.