Kompyuta ipo, jina halipo: Mwongozo kwa fundi chipukizi wa ofisini

Ni Jumatatu saa mbili unusu asubuhi. Hata chai hujaonja. Simu ya idara ya ICT inalia: “Kijana, kompyuta mpya ya uhasibu haipatikani! Watu watalipwaje?” Unapanda ngazi mbio. Unakuta kompyuta imewaka, intaneti iko, waya uko sawa. Ukiitafuta kwa nambari yake, inaitika. Ukiitafuta kwa jina, kimya.

Kama huu ndio mwezi wako wa kwanza kazini, hapa ndipo wengi huanza kubahatisha: zima swichi, washa swichi, badilisha waya. Usipaniki. Huenda kompyuta hiyo imeshindwa tu kujisajili kwenye DNS.

DNS ni kama orodha ya majina kwenye simu yako. Hukariri nambari ya mamako. Unabonyeza “Mathe” basi. Ofisini, seva ya DHCP huipa kila kompyuta nambari, yaani anwani ya IP, na nambari hiyo inaweza kubadilika. Ili fundi asikae kutwa akiandika nambari mpya, tangu 1997 kuna utaratibu unaoruhusu orodha ya DNS kusasishwa na mitambo yenyewe. Kompyuta ya Windows hujisajili inapowashwa, kisha kwa kawaida hurudia kila baada ya saa 24. Usajili ukikwama, orodha hubaki na nambari ya zamani, au bila nambari kabisa.

Sasa uanzie wapi?

Kwanza, andika ipconfig /all na uangalie nambari za DNS. Ukiona 8.8.8.8 ya Google, umempata mshukiwa mkuu. Kuna mtu aliyetaka intaneti iende kasi. Lakini Google haiyajui majina ya ndani ya ofisi yenu, wala haiwezi kuyaandika. Weka DNS ya ofisi peke yake. Seva hiyo ndiyo itakayouliza nje kwa niaba ya wote. Usiiweke 8.8.8.8 hata kama spea.

Pili, tazama saa. Ofisi nyingi zenye Active Directory hukubali usajili salama pekee: kompyuta lazima ijitambulishe kwanza. Saa yake ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, kwa mipangilio ya kawaida, itakataliwa. Betri ndogo ya ndani ikifa, saa nayo hupotea.

Tatu, uliza jina hilo lilikuwa la nani. Hapa ndipo kompyuta mpya hunaswa. Mkiipa jina la ile kuukuu na kuifungulia akaunti mpya, rekodi ya DNS bado ni mali ya akaunti ya zamani. Seva inamwona mgeni anayetaka kubadilisha nambari ya mwenzake, inamkatalia. Mwombe msimamizi afute rekodi hiyo.

Baada ya hapo, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika ipconfig /registerdns, usubiri dakika 15. Kukiwa na hitilafu, utaikuta ndani ya Event Viewer. Kisha andika nslookup na jina la kompyuta. Nambari inayotokea ikilingana na ile ya kompyuta, kazi imekwisha.

Noma iko kwenye njia ya mkato. Bosi amesimama nyuma yako, na kwenye seva kuna mpangilio wa kukubali usajili wowote, salama au usio salama. Ukiubonyeza, simu zitaacha kulia hapo hapo. Lakini umefungua mlango: yeyote aliyeunganishwa na mtandao huo anaweza kuandika nambari yake mbele ya jina la kompyuta ya uhasibu, na mafaili ya mishahara yakaelekea kwake. Siku hilo likitokea, atakayeulizwa ni wewe.

Kwa hivyo mwambie bosi ukweli: “Nipe nusu saa, nitafute chanzo.” Ukishakipata, andika kwenye daftari ulichokuta na ulichobadilisha. Jumatatu nyingine simu ikilia, utaanzia hapo.