Mwani Hautibu Hashimoto

"Daktari, si nizidishe mwani tu?" Wataalamu wa homoni wamelisikia swali hili hadi limewachosha. Mara nyingi anayeuliza ameshajijibu: mkobani ana kopo la jeli ya mwani alilonunua mtandaoni, lebo yake ikijigamba kuponya kila ugonjwa wa tezi ya shingo. Mezani kuna majibu ya maabara: TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, imepanda, na kingamwili dhidi ya TPO, kimeng'enya cha tezi, ni tele. Huyu hakupungukiwa na madini joto. Kinga yake mwenyewe ndiyo inayoishambulia tezi: huo ndio ugonjwa wa Hashimoto.

Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, rovu lilitokana kweli na upungufu wa madini joto, na chumvi iliyoongezwa madini hayo ilisaidia sana. Lakini dawa iliyomfaa bibi mwenye rovu haimfai mjukuu mwenye Hashimoto. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 za iodini, yaani hayo madini joto, kwa siku. Baadhi ya mwani hupitisha kiwango hicho kwa gramu chache tu. Mwaka 1948 Jan Wolff na Israel Chaikoff walionyesha kwamba tezi iliyofurikwa na iodini husitisha kutengeneza homoni. Tezi nzima hurudi kazini baada ya siku chache. Iliyojeruhiwa na kinga mara nyingi hushindwa, na mgonjwa huzidi kuchoka huku akilamba jeli yake. Tena iodini nyingi huibadili thairoglobulini, protini ya tezi, ikawa rahisi zaidi kushambuliwa. Hata Denmark, iliyofanya kutia iodini kidogo tu kwenye chumvi kuwa lazima mwaka 2000, ilishuhudia ongezeko la wagonjwa wapya wa tezi dhaifu. Chumvi ya dukani iendelee kutumika. Kopo ndilo liachwe.

Chanzo ni nini basi? Hukohuko Denmark, pacha wa kufanana akiugua Hashimoto, mwenzake naye aliugua katika zaidi ya nusu ya jozi. Kwa mapacha wasiofanana, hakuna jozi hata moja. Vinasaba vina uzito mkubwa, ingawa havimalizi hadithi. Kimojawapo, CTLA-4, ni breki ya seli T za kinga. Ipilimumab, dawa ya saratani inayoifungua breki hiyo makusudi, huwaacha baadhi ya wagonjwa na uvimbe wa tezi.

Tiba ipo. Tezi dhaifu: levothairoksini asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vipishane nayo kwa saa 4, TSH ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8. Graves, ambapo kinga huichochea tezi kupita kiasi: kabimazole ya kupunguza homoni kwa miezi 12 hadi 18, iodini ya mionzi au upasuaji, na sigara iachwe kabla haijaharibu macho. Anayetumia kabimazole akipata homa na koo kuuma, asimamishe dawa akapimwe damu siku hiyohiyo. Anayepanga ujauzito amweleze daktari mapema. Vidonge vya biotini vya nywele na kucha visimamishwe angalau siku 2 kabla ya kipimo, maana hupotosha majibu.